Gari la Watu Watatu

11 Novemba

Mtihani wa kidato cha pili umekwisha. Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe, hata siku ambazo hazina kitu. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema siku isiyo na kitu nayo ni siku, iandikwe mstari mmoja.

Leo kuna kitu. Ng'ombe kadhaa wa marehemu babu wameuzwa mnadani, na Baba na kaka yake, Baba mkubwa Simeoni, wanataka kununua gari moja la pamoja. Kuhusu gari wamekubaliana. Kuhusu injini bado. Dalali Enock wa Shelui anayo mawili ya aina moja, yale marefu ya kupita porini, yanayovuta kwa matairi yote manne. Rangi ni moja, milango ni ileile, na huwezi kuyatofautisha mpaka ufungue boneti. Moja lina injini ya cc 1800. Jingine lina cc 2700.

Sababu ya gari ni mdogo wangu Faith. Ana miaka sita na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mvua zilizopita alizidiwa, akapandishwa mlima kwa pikipiki akiwa amefungwa kitenge mgongoni kwa Mama, na mimi nilibaki nyumbani nikisikiliza mlio wa pikipiki mpaka ukapotea. Lakini hakuna anayesema kwamba gari ni la Faith. Wote wanasema ni la kubebea vitunguu.

14 Novemba

Kikao kimefanyika sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa napeleka chai, kwa hiyo nilisikia karibu yote.

Baba aliongea taratibu kama kawaida yake. Alisema injini kubwa inakunywa sana, na gari likikosa mafuta ni sawa na kutokuwa na gari. Bora dogo ambalo tanki lake halitakauka. Nilimwona ana akili sana. Jana usiku nilikuwa nimemsaidia kukokotoa lita, na majibu yetu yalilingana.

Baba mkubwa alisema anataka kubwa. Sababu zake zilikuwa za aibu. Alisema magunia ya vitunguu yanataka nguvu. Alisema hawezi, mwanaume mzima, kupitwa na malori mlimani.

"Kaka, sisi hatushindani na malori," Baba akamwambia, na Mama akacheka kidogo.

Baba mkubwa alimtazama Mama, akafungua mdomo kama mwenye neno jingine, akaufunga. Kisha akachukua chapati ya tatu.

"Haya," alisema. "Nunueni hiyo cherehani yenu."

17 Novemba

Tumelijaribu lile dogo. Tulikuwa Baba, Enock na mimi. Tulipita mbugani, vumbi likitufuata, mpaka Mawe Mekundu, ule mlima unaotutenganisha na nyanda za juu, iliko hospitali. Barabara yake ni ya udongo, ina kona nyingi, na upande mmoja ni korongo. Gari lilipanda kwa gia ya tatu. Enock alikuwa anaongea bila kupumua, Baba hakumsikiliza. Alikuwa ameweka sikio kwenye injini. Tulipofika juu alizima, akashuka, akagusa boneti kwa kiganja kama anavyomgusa Faith paji la uso.

"Halijachoka hata kidogo," akaniambia.

18 Novemba

Limenunuliwa. Bibi Severina, mama yao Baba, amelimwagia maji ya bomba kwenye matairi na kuliombea. Baba mkubwa amelipiga teke la kirafiki na kuliita Cherehani. Jina limeshika.

27 Novemba

Mvua ya kwanza. Mtama unapandwa.

3 Desemba

Mvua.

12 Desemba

Kliniki ya Faith. Tulikwenda na Baba na Mama, Cherehani likapanda vizuri ingawa njia ilikuwa na unyevu. Daktari alirudia maelezo yake, safari hii nikayaelewa. Baba na Mama kila mmoja amebeba mbegu ya ugonjwa huu bila kuugua. Kwa hiyo Faith akipungukiwa damu, damu yao haimfai. Hospitali ile ni ndogo na mara nyingi haina akiba, ndugu ndio hutoa. Mwaka jana walipimwa ndugu wengi. Anayefaa kabisa ni mmoja, Baba mkubwa Simeoni.

Ndiyo maana anajivuna. Tangu mwaka jana hakuna mgeni ambaye hajasikia kwamba mtoto huyu anatembea na damu yake. Akimwona Faith anaruka kamba husema, "Mnaona damu yangu inavyoruka?" Faith anacheka. Mimi naona si vizuri kuwasimanga watu kwa msaada.

25 Desemba

Kanisani tulikwenda na gari, tumejaa mpaka nyuma, wengine wamepakatana. Njia ya kanisani ni tambarare. Baba alikuwa na furaha kiasi cha kupiga honi kwenye kila mji tuliopita. Baba mkubwa alikaa mbele, kimya, akigeuka mara kwa mara kututazama. Nilidhani ana wivu.

9 Januari

Shule imefunguliwa. Nipo kidato cha tatu. Viatu vimelowa.

16 Januari

Mvua.

17 Januari

Mvua. Pikipiki haziendi tena mlimani.

23 Januari

Leo nimetimiza miaka kumi na saba. Faith amenipa yai alilolificha kwa kuku wake tangu Jumapili. Lilikuwa limeharibika. Nimemshukuru sana.

2 Februari

Mvua usiku na mchana. Mtama wa bondeni umesombwa. Baba anawasha gari kila asubuhi hata kama hatuendi popote, analisikiliza, anazima.

12 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Nitajaribu kufuata mpangilio kama tulivyofundishwa.

Ijumaa jioni Faith alilalamikia maumivu ya miguu. Usiku akapata homa. Jumamosi asubuhi Mama alimpeleka kwenye mwanga wa mlango, akavuta kope la chini, akaniita nione. Ndani palikuwa peupe kama ndani ya ganda la yai. Alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbia, na alikuwa amelala. Mama alisema, "Damu." Baba akaenda kuwasha gari.

Kwetu mgonjwa haondoki na watu wawili. Gari lilikuwa bado linapashwa moto, Bibi Severina akatoka na shali yake ya kanisani, sufuria, unga na kuku aliyefungwa miguu, maana hospitali nani atapika. Shangazi Damari alikuja na godoro na mtoto wake mchanga. Mzee wa kanisa, Mzee Michael, alikuja na mkewe kuomba, akaanza kuomba huku anapanda. Baba mkubwa alikuja kwa ajili ya damu. Mimi niliingia kwa sababu Mama aliniambia nishike miguu ya Faith. Hakuna aliyeitwa, na hakuna ambaye angeweza kuambiwa abaki. Kumwambia ndugu abaki siku kama hiyo ni kumwambia humhitaji.

Mbugani tulipita kwa shida lakini tulipita. Mvua ilianza tena tulipofika chini ya Mawe Mekundu. Kona ya kwanza Baba aliweka gia ya kwanza, injini ikalia kwa sauti nyembamba, kama cherehani kweli, na hakuna aliyecheka. Kona ya pili gari lilisimama. Matairi yalizunguka mahali pamoja, kisha tukaanza kurudi nyuma polepole kuelekea korongoni mpaka jiwe likatuzuia.

"Shukeni," Baba alisema.

Hakuna aliyeshuka. Bibi aliuliza ashuke vipi na kumwacha mtoto. Nilielewa kwamba wa kwanza kushuka atakuwa amekiri kwamba hana kazi kule juu, na kila mmoja alikuwa anajitafutia kazi yake moyoni. Mimi niliitafuta yangu. Siendeshi gari. Mimi si muuguzi. Damu yangu hawaichukui mpaka nifike miaka kumi na nane. Kwenye lile gari nilikuwa uzito tu. Niliiweka miguu ya Faith kwenye mapaja ya Mama, nikafungua mlango, nikashuka kwenye tope. Baada yangu alishuka Shangazi, kisha Mzee Michael na mkewe, na mwisho Bibi, ambaye hakumwangalia mtu. Godoro likatupwa nje, sufuria, unga, kuku.

Bado halikwenda. Baba mkubwa akafungua mlango wake.

"Kaka, wewe kaa," Baba alisema. "Wewe usishuke."

"Na nani atasukuma? Mama yetu?"

Yeye ndiye mzito kuliko wote. Aliweka bega kwenye mlango wa nyuma, nasi tukajipanga pande zote. Alikuwa amepatana na Baba kwamba mbele, penye tambarare kidogo, atarukia ndani. Tulisukuma. Tope liliruka likatufunika macho. Gari likatikisika, likashika, likaanza kupanda, na Baba mkubwa akakimbia nyuma yake ameshika mlango. Pale penye tambarare maji yalikuwa yamekula barabara. Gari likisimama pale lisingeondoka tena. Nilimwona akiuachia mlango.

"Usisimame, Philipo!" alimpigia Baba kelele. "Usisimame!"

Gari likaizunguka kona ya tatu. Tukasikia mlio, halafu mvua peke yake.

Tulisimama barabarani wote. Damu ya Faith ilikuwa imesimama pamoja nasi, suruali imechanika gotini. Bibi alikaa juu ya jiwe na kuku wake mapajani, akafunika uso kwa shali.

Mzee Michael aliwachukua Bibi na wenzake kuwarudisha chini, kwenye mji wa karibu. Baba mkubwa alianza kupanda. Sikuambiwa nimfuate, nilimfuata. Goti lake moja lilivunjwa na dume la ng'ombe zamani, na kila baada ya hatua chache anashika paja kwa mikono miwili na kulisukuma mbele kama kitu kisicho chake. Nilitaka anishike bega. Alisema bado.

Baadaye alinishika.

Tulikuwa tumepita kona nyingi ndipo nikamuuliza kama alijua kwamba gari litashindwa.

"Namjua mama yangu," alisema. "Hajawahi kubaki nyumbani mgonjwa akiondoka. Wala Damari, wala Mzee Michael. Baba yako alikuwa anahesabu mafuta. Mimi nilikuwa nahesabu watu."

"Sasa mbona kwenye kikao ulisema vitunguu?"

Alilisukuma paja hatua kadhaa bila kunitazama. Nilidhani amekasirika.

"Ningesemaje, Raheli? Nikae pale, mdogo wangu na mkewe wananitazama usoni, niwaambie mtoto wenu atazidiwa, na siku hiyo mvua itakuwa inanyesha na ukoo mzima utakuwa ndani ya gari? Hayo hayasemwi. Ukiyasema umeyaita." Alifuta tope usoni kwa mkono wenye tope. "Nikasema vitunguu. Nikasema na malori."

Nilikumbuka chapati ya tatu.

Juu hakukuwa na gari linalotusubiri. Simu ilipata mtandao, akampigia Baba. Gari lilikuwa limechemsha kabla ya kufika, maji yote yamemwagika, limezima na haliwaki. Faith na Mama walimaliziwa safari kwa pikipiki ya mtu wa huko. Pikipiki ile ile ilijaribu kutufuata ikaanguka njiani, ikarudi. Tukatembea. Mwishoni tulipata trekta la mtu aliyekuwa anatoka shambani, tukaingia hospitali giza limeshaanza.

Walimlaza Baba mkubwa hapohapo na matope yake. Wakati wanamtoa damu alikuwa ametazama ukuta, na kwa mara ya kwanza hakusema chochote kuhusu damu yake.

Lakini jioni ile, kabla hatujafika, upande wa kulia wa Faith ulikuwa umelegea. Mkono, mguu, na mdomo. Daktari anasema ni kiharusi, ubongo ulikosa damu ya kutosha. Anasema kwa mtoto huenda baadhi ya nguvu zikarudi. Mama alimuuliza kama damu ingewahi ingekuwaje. Daktari alivua miwani, akasema hawezi kujua, inaweza kutokea hata kwa mtoto aliyewahishwa. Mama alimshukuru. Baba alitoka nje.

13 Februari

Faith amefumbua macho. Ananitambua.

14 Februari

Hasemi.

17 Februari

Baba ameniuliza kaka yake alisema nini njiani. Nilitaka kumwambia hakusema kitu. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na mimi niliona mahesabu yetu yalikuwa mabaya. Nilisema yalikuwa sahihi. Yalikuwa sahihi kweli, lita kwa lita. Aliitikia kwa kichwa na kuendelea kuitikia hata baada ya mimi kunyamaza.

24 Februari

Fundi amesema gari limeunguza gasketi ya injini. Ataibadilisha.

1 Machi

Tumerudi nyumbani. Faith anabebwa. Amesema neno moja, "kuku," na Mama ameingia chumbani na kukaa huko mpaka chakula kikapoa.

4 Machi

Mvua.

8 Machi

Nikirudi shule namkuta Baba amekaa ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, milango imefungwa, injini imezimwa. Zamani ningesema anafikiri. Siku hizi sijui. Nimekuwa na hasira naye na sijawahi kumwambia, na yeye anazungumza nami kwa upole kama aliyeisikia. Leo nilifungua mlango wa pili nikakaa pembeni yake. Tulitazama mvua kwenye kioo. Alisema, "Nililijaribu na watu watatu." Nikasema na mimi nilikuwepo.

15 Machi

Dalali Enock amekuja. Lile la cc 2700 bado lipo, anaweza kupokea letu na nyongeza. Bibi anataka ng'ombe waliobaki wauzwe. Hawatoshi. Enock ameondoka bila kunywa chai.

16 Machi

Kikao kingine, sebule ileile. Safari hii Mama aliniambia niweke birika chini nikae.

Bibi alilaumu mlima, Shangazi akalaumu fundi, Baba akaanza kusema kwamba kosa ni lake. Baba mkubwa alimkatiza. Alikuwa amekaa na mguu wake umenyooshwa mbele.

"Faith atazidiwa tena," alisema.

Bibi alisema kitu kwa Kinyiramba, cha kumwomba Mungu alirudishe neno hilo. Mama aliinamisha kichwa lakini hakutoka.

"Atazidiwa tena, na itakuwa mvua," Baba mkubwa aliendelea, polepole, kama mtu anayetembea na lile goti. "Injini ni hii tuliyo nayo. Inapandisha watu watatu, tumeona. Basi watakaopanda ni watatu. Philipo, mkewe na mtoto."

"Na mimi?" Bibi aliuliza.

"Wewe utabaki, mama."

Sijawahi kuona mtu akimwambia Bibi hivyo. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akavuta shali yake. Baba aliuliza na damu itapandaje. Baba mkubwa alisema damu haitapanda, itakuwa imeshafika. Ana binamu mwenye nyumba karibu na hospitali. Kila mwaka mvua zikianza atahamia huko mpaka ziishe. Mwaka huu anaanza kesho.

Baba alimkumbusha shamba lake. Alimkumbusha ng'ombe, na kwamba mtu wa umri wake hawezi kwenda kuishi kwenye chumba cha kupewa, kubeba magunia ya watu sokoni apate chakula.

"Vitunguu navijua kubeba," alisema Baba mkubwa.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Mama, kidogo, kama ile siku ya kwanza. Halafu akalia.

17 Machi

Ameondoka na begi moja na redio. Nilimsalimia, "Shikamoo, Baba mkubwa," nikamshika mkono kwa mikono miwili. Alisema marahaba, akaniambia nimtunzie Cherehani.

29 Machi

Mvua. Faith ameshika chaki kwa mkono wa kushoto. Amechora kuku, au mlima. Hakutaka kusema.

6 Aprili

Faith alizidiwa jana. Kidogo, si kama Februari. Wameondoka watatu. Bibi alisimama uani na sufuria yake mkononi mpaka gari likapotea, akairudisha jikoni, akaiosha ingawa ilikuwa safi. Mimi nilibaki naye. Mchana Baba alipiga simu, damu ilikuwa inamngoja. Kubaki nyumbani ni kugumu kuliko kutembea mlima ule.

20 Aprili

Siku kadhaa bila mvua. Baba mkubwa amerudi. Amekonda, shamba lake ni majani matupu, na jirani mmoja amemuuliza kama alikwenda mjini kutafuta mke. Amejibu kwamba alimkosa mwenye gari kubwa.

27 Aprili

Mvua zimeisha, na hii ndiyo siku ya mwisho ya kuandika kwangu.

Nimekwenda kliniki na Faith, kwa sababu Mama ana homa. Tulikuwa watatu, Baba, Faith na mimi. Barabara imekauka. Cherehani lilipanda Mawe Mekundu kwa gia ya tatu bila kuchoka, sawasawa na ile siku ya Novemba, na Baba hakuweka sikio kwenye injini. Kwenye kona ya pili lile jiwe la Bibi bado lipo, na chini yake unyoya mmoja wa kuku ulioganda kwenye tope kavu. Faith aliutazama dirishani. Maneno yake bado ni mazito, yanatoka upande mmoja. Aliuliza, "Watu wako wapi?" Nilimwambia wako nyumbani, wanatusubiri.

Hospitali nilimwomba daktari anipime. Nilikuwa nimeogopa kuuliza msimu mzima. Mbegu ya ugonjwa sina, na damu yangu ni ya kundi la Faith. Alisema kilichobaki ni umri, nirudi Januari nikishatimiza.

Januari mvua huwa zimekolea. Nimemwambia Baba neno moja tukiwa njiani kurudi, tunateremka, na nimewaza tangu hapo namna ya kuliandika. Mwakani gari litabeba wanne, Baba mkubwa abaki shambani kwake. Mlima ukikataa, sitashuka.